Uzuri wa Mkakasi

Mtu mzima akiokota kiatu alichovaa utotoni hustaajabu kuwa mguu wake uliwahi kuenea humo. Hakivai tena, hukiweka kiganjani akakitazama na kutabasamu. Furaha ya namna hiyo ndiyo inayouzwa na watengenezaji wa mashine ndogo zinazoiga mashine za zamani za michezo ya video. Yatupasa kuuliza: je, mnunuzi hupewa mchezo, au hupewa sanamu ya mchezo?

Mwezi wa Novemba 2016, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mfano mdogo wa mashine iliyoanza kuiuza Marekani mwaka 1985. Umbo lilikuwa lile lile la sanduku la kijivu, lakini sasa lilienea kiganjani, na michezo 30 ilikuwa tayari ndani yake. Mlango wa kutilia katriji ulikuwa pambo tu, haufunguki. Waya wa kidhibiti haukufika hata mita moja, na kila alipotaka kubadili mchezo, mchezaji aliinuka kubonyeza kitufe kwenye mashine. Hizo ni kasoro. Walakini michezo yenyewe ilichezeka vema, na kwa sababu hiyo kasoro zilisameheka.

Kampuni ya Sony ilifuata Desemba 2018. Kwa sura, PlayStation yake ndogo ilikuwa pacha wa mashine ya mwaka 1994. Lakini kati ya michezo 20 iliyouzwa Marekani, 9 ilikuwa matoleo ya Ulaya, yaliyotengenezwa kwa televisheni za picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Mmoja wao ni Tekken 3, mchezo wa ngumi na mateke ambao uhai wake wote ni wepesi. Mwenye kuukumbuka aliuona umekuwa mzito. Wahenga walikwisha sema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuitazame Mega Drive ndogo ya Sega, iliyotolewa Septemba 2019 ikiwa na michezo 42. Vifuniko vyake hufunguka, na kitelezi cha sauti husogea, ingawa hakipunguzi wala kuongeza sauti yo yote. Yuko atakayeuita upuuzi. Mimi siuiti hivyo, kwa kuwa vidole navyo vina kumbukumbu zao. Na zaidi ya hayo, michezo ya ndani ilihamishwa kwa uangalifu mkubwa na kampuni ya M2. Pambo la nje halikuwekwa kuficha uvivu wa ndani.

Basi, msomaji kijana, ukiletewa kitu kinachojidai kurudisha zamani, usihukumu kwa macho peke yake. Sura humshawishi mtu kununua mara moja. Kazi iliyo ndani ndiyo itakayomfanya airudie kesho. Anayeuza kumbukumbu za watu ameshika amana yao, na kuipunguza amana ni hiana hata kama sanduku lake lapendeza.