Jazi, Kidole Gumba na Shahada: Tahakiki ya Ufundishaji wa Muziki wa Dansi katika Vyuo Vikuu

Katika miji ya Kongo neno jazi halikuwa na maana ile liliyo nayo New Orleans. African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoundwa mwaka 1953, na O.K. Jazz, iliyozaliwa Léopoldville mwaka 1956, hazikupiga jazi ya Wamarekani. Zilipiga rumba, bolero na cha-cha-cha, na jina hilo lilimaanisha tu bendi ya kisasa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa vivyo hivyo: Morogoro Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz zilikuwa bendi za dansi. Kwa hiyo, chuo kikuu cha Kongo kinaposhauriwa kufungua idara ya jazi na muziki wa dansi, swali la kwanza si la fedha wala la vyumba. Ni swali la msamiati: ni muziki upi utakaosomwa chini ya jina hilo, na mwanafunzi atatahiniwa kwa kipimo cha nani?

Wanaotoa shauri hilo huwa na mfano wa Marekani akilini. Shule ya Boston iliyoanzishwa na Lawrence Berk mwaka 1945, ambayo baadaye ikaitwa Berklee, pamoja na chuo cha North Texas kilichoanza kutoa shahada mwaka 1947, ndizo zilizofungua njia. Inafaa kukumbuka kwamba North Texas haikuthubutu kuandika jazi kwenye shahada yake. Iliandika "bendi ya dansi". Neno ambalo bendi za Kongo zilijivika kwa fahari miaka michache baadaye lilikuwa bado aibu mbele ya maprofesa wa huko lilikotoka.

Mfano huo una nguvu zake, wala hazipasi kubezwa. Jazi ya Marekani, hasa ile ya baada ya mwaka 1945, ni muziki ambao akodi zake, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, hubadilika upesi. Anayebuni papo kwa papo hana budi kuzifuata mbio, na humsaidia sana kujua ni ngazi ipi ya sauti inayokaa juu ya akodi ipi. Jambo hilo huweza kuandikwa ubaoni, kukaririwa na kusahihishwa. Utaratibu wa masomo ulitokana na ugumu wa muziki wenyewe. Kasoro huanza pale utaratibu huo unapohamishwa pamoja na vitabu vyake hadi kwenye muziki ambao ugumu wake umekaa mahali pengine.

Gitaa la Katanga ni ushahidi wa kutosha. Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka ya Kongo, na mwaka 1969 mwenyewe alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Akitazamwa kwa jicho la shule ya Boston, Mwenda ni mpigaji mwepesi: akodi zake ni chache, tena za kawaida. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angezitaja zote kabla ya saa ya somo kwisha, kisha angeshindwa kupiga hata sehemu ndogo ya wimbo.

Sababu imo katika mkono wa kulia. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushuka na shahada hupanda, na katika kupokezana huko kila sauti hupata uzito wake. Mtindo wa gitaa unaofundishwa katika konservatwari hutumia vidole vinne. Mwanafunzi aliyelelewa humo, akipewa noti za Mwenda, huzigawa kwa vidole vinne kama alivyozoea. Sauti zote hutokea, kila moja kwa wakati wake, na bado wimbo hauchezeki. Mkazo umehama. Kilichokuwa mvutano wa mistari miwili kimegeuka kuwa mstari mmoja laini.

David Rycroft alizitafiti mbinu za gitaa la Mwenda katika makala mawili ya mwaka 1961 na 1962. Kazi hiyo bado inastahili heshima. Hata hivyo, tangu katika anwani yake, Rycroft alikiri kwamba alichokuwa nacho mbele yake ni ubunifu wa papo hapo. Anayefundisha kutokana na noti za namna hiyo anafundisha siku moja katika maisha ya wimbo. Gerhard Kubik alikwenda mbele zaidi aliposisitiza kwamba muziki wa aina hii hauna budi kutazamwa kama mwendo wa mwili, wala si mfuatano wa sauti tu. Ndiyo maana alitumia kamera ya filamu, na Mwenda ni mmoja wa wale aliowapiga picha. Noti huonyesha sauti ilipoanza. Hazionyeshi kidole kilichoiamsha, wala kile kilichokuwa kikingoja zamu yake.

Idara za Kiswahili nazo zina lawama yao. Nyimbo za Mwenda, za Edouard Masengo na za Losta Abelo ni hazina ya Kiswahili cha Katanga, na mwalimu wa fasihi simulizi hupendezwa nazo kwa haki. Lakini desturi ni kuyanakili maneno kutoka kwenye sahani moja ya santuri, kuyapanga kwa beti, kuhesabu mizani, na kuyachambua kana kwamba yalikusudiwa kusomwa kimya. Matokeo yake huwa hukumu ya kusikitisha: kwamba mashairi haya ni mafupi, yanarudiarudia, hayana urari. Anayehukumu hivyo amekwisha kulitoa gitaa, kisha analalamika kwamba kuna tundu. Mahali ambapo ubeti unakatika, mara nyingi ni gitaa linaloendelea kusema. Idara ya muziki ikikata maneno na idara ya lugha ikikata vidole, hakuna idara inayobaki na wimbo.

Wapo wanaojibu kwamba chuo kikuu kikae mbali, maana mtaa ndio shule ya mwanamuziki. Hoja hii hupendwa sana, na ushahidi wake ni mzuri: Franco Luambo alikuwa na miaka 15 tu alipochukuliwa na studio ya Loningisa mwaka 1953, akajifunza kwa kukaa karibu na waliomtangulia. Lakini walioirudia hoja hiyo hawakutazama vizuri mtaa wenyewe. Nyuma ya kijana Franco palikuwa na mfanyabiashara mwenye mashine za kurekodia, palikuwa na magitaa ambayo kijana maskini asingeweza kuyanunua, na palikuwa na Henri Bowane, fundi aliyekwisha kupata jina, aliyempokea. Ngoma, Opika, Loningisa na Esengo zilikuwa maduka, ni kweli; zilikuwa pia vyuo vya ufundi ambavyo havikutoa vyeti. Studio hizo zote zimekwisha kufungwa. Kumwambia kijana wa Kamalondo au wa Matete leo kwamba mtaa utamfundisha ni kumtuma kwenye shule ambayo mlango wake umeondolewa pamoja na fremu.

Hapo ndipo chuo kikuu kina jambo la kufanya, iwapo kitakubali kubadili baadhi ya taratibu zake. Mfano ulio karibu zaidi kuliko Boston ni Durban, ambako Darius Brubeck alianzisha masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1983. Mmoja wa waliopita hapo ni Zim Ngqawana. Kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Rhodes kilimpokea ingawa hakuwa amemaliza masharti ya kuingia chuoni. Alipokewa kwa uwezo wake wa kupiga. Kanuni moja ililegezwa, na Afrika ya Kusini ikapata mmoja wa wapiga saksafoni wake wakubwa. Vyuo vinavyodai diploma ya Serikali kwanza, na ambavyo humsikiliza mwombaji baadaye, au havimsikilizi kabisa, vingefaa kuitafakari habari hiyo.

Upande wa walimu ni mgumu zaidi. John Low, Mwingereza, alisafiri hadi Shaba akakaa na mafundi wa gitaa, akajifunza kwa kutazama mikono yao, na shajara ya safari yake ikachapishwa mwaka 1982. Njia aliyoifuata ni ileile ya uanagenzi. Fundi mwenye mikono hiyo mara nyingi hana shahada, kwa hiyo ngazi za mishahara za chuo hazina mahali pa kumweka; akialikwa, hualikwa kama mgeni wa siku moja, apige, apigiwe makofi, arudi kwao. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, na sherehe zilifanyika kwa haki. Lakini orodha haimlipi mwalimu, wala haimnunulii mwanafunzi nyuzi.

Limebaki suala la mtihani wenyewe, nalo huachwa kwa makatibu wa idara kana kwamba ni la saa na vyumba tu. Mwanafunzi wa gitaa hutahiniwa peke yake, kwa dakika zilizohesabiwa, mbele ya watu watatu waliokaa. Sebene haipigwi hivyo. Gitaa la solo huongea na mi-solo na rithimu, na urefu wa sehemu hiyo huamuliwa na wanaocheza: wakipamba moto, mpigaji huongeza, wakichoka, huitafuta njia ya kutokea. Bila wachezaji, mwanafunzi hulazimika kukisia lini abadilishe, na watahini hutoa alama kwa kukisia vilevile. Idara itakayotaka kulijaribu jambo hili kwa dhati itaanza kwa kuita wapiga gitaa watatu badala ya mmoja, kumweka fundi asiye na shahada katika kiti cha mtahini mwenye kura kamili, na kuondoa nusu ya viti ukumbini.