Filamu Guni: Hofu na Kicheko Katika Vibanda vya Video vya Buguruni

Washairi wa Pwani wana neno moja ambalo wahakiki wa filamu wangelifaidi sana: guni. Shairi guni ni lile lililokosa vina au lililopungukiwa na mizani. Neno hilo halidai kwamba shairi halina maana, wala halimtukani mtunzi. Linaeleza tu kwamba kanuni imevunjwa. Baada ya hapo hubaki swali la pili, nalo ndilo gumu: je, kuvunjika huko kumeliua shairi, au shairi lingali hai, likichechemea?

Filamu za kutisha zilizotengenezwa Dar es Salaam kwa fedha kiduchu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazijaulizwa swali hilo la pili. Aghalabu zimekatiwa hukumu moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya wasomi, nayo ni fupi: takataka. Ya pili imetoka ng'ambo, nayo husema kwamba zipo filamu ambazo ni mbovu kiasi kwamba ubovu wenyewe hugeuka kuwa utamu. Hukumu hii ya pili ina sura ya upole, lakini ndani yake kuna kiburi. Humweka mtazamaji juu na mtengenezaji chini, kisha ikaita tofauti hiyo mapenzi. Ili kujua kama inazifaa filamu za Kiswahili, hapana budi kwanza kuzitazama pale zilipotazamwa.

Buguruni ni pale Barabara ya Uhuru, baada ya kuziacha Kariakoo na Ilala, inapokutana na Barabara ya Mandela. Ni mahali pa soko, reli na daladala, na nyumba zilizobanana hadi paa la huyu likadondosha maji uani kwa yule. Katika mitaa ya namna hii, kabla ya simu za mkononi kuwa ndiyo sinema ya kila mtu, kibanda cha video kilikuwa na heshima yake: chumba cha mabati au mbao, mabenchi, runinga moja, deki moja, na ubao wa nje ulioandikwa kwa chaki picha za siku hiyo. Watoto walikaa chini mbele, vijana wakasimama nyuma. Hapakuwa na kunyamaza. Mtazamaji alimwonya steringi, alimzomea adui, na alipoona hila ya kamera ilivyofanywa, aliwaeleza wenzake kwa sauti.

Kutoka Kariakoo, hasa Mtaa wa Aggrey na jirani zake, ambako wasambazaji walikuwa na maduka yao, kanda na baadaye santuri za video zilifika Buguruni kwa mwendo wa miguu, na Unguja kwa boti. Miongoni mwake zilikuwamo kazi za Mussa Banzi. Nsyuka, ambayo jina lake ni la Kinyakyusa na lina maana ya mzuka, iliwaonyesha Waswahili kwamba mfu arudiye duniani anaweza kuigizwa kwa lugha yao na katika mitaa yao. Shumileta, ya mwaka 2005, ambamo Jennifer Mwaipaja aliigiza jini mwanamke ampendaye binadamu, ilizidi kuitia nguvu njia hiyo, huku ikiazima waziwazi mbinu za filamu za Nigeria zilizokuwa zimejaa madukani.

Guni la filamu za mkondo huu halihitaji jicho kali. Mzimu huvaa kinyago cha mpira ambacho mwisho wake huonekana shingoni. Jini hutoweka kwa kamera kuzimwa na kuwashwa tena, na aliyebaki huwa amesogea kidogo. Umeme wa radi hutoka katika kompyuta, nao hupita mbele ya mtu badala ya kumpiga. Usiku ni mchana uliotiwa rangi ya buluu. Ng'ambo, katika filamu za kutisha zenye kujivika sayansi, kiumbe hutoka angani au katika maabara; huku hutoka baharini, makaburini na porini. Sayansi ya filamu za Dar es Salaam imo katika kompyuta ya mhariri tu, na hata hiyo ilikuwa na nguvu haba.

Hapa kulinganisha kunasaidia. Mmarekani Ed Wood alipiga Plan 9 from Outer Space mwaka 1956, ikasambazwa mwaka 1959. Ndani yake wageni kutoka sayari nyingine wanawafufua wafu. Sahani zao zinaning'inia kwa nyuzi, mawe ya makaburi yanatikisika mtu akipita, na usiku na mchana vinapokezana ndani ya tukio moja. Mwigizaji wake mashuhuri, Bela Lugosi, alifariki akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha. Nafasi yake akapewa tabibu wa viungo wa mke wa Wood, aliyeficha uso kwa joho kwa sababu hakufanana naye hata kidogo. Mwaka 1980 kitabu cha ndugu wawili, Harry na Michael Medved, kiliitangaza kuwa filamu mbaya kupita zote, na tangu hapo watu wakaanza kuitafuta. Wood hakuiona siku hiyo. Alikufa fukara mwaka 1978.

Mtu anayeicheka Plan 9 huko Marekani anamcheka mtunzi aliyetaka kumtisha kwa jambo ambalo yeye mtazamaji haliamini. Haamini sahani za angani, wala haamini kwamba wafu huamka kwa mtambo. Kicheko chake ni cha mtu aliye salama. Kicheko cha Buguruni ni cha namna nyingine kabisa. Mule kibandani wengi wa waliocheka hawakucheka kwa kutoamini majini. Walicheka kwa sababu waliwajua majini kuliko mtengenezaji wa filamu. Kila mtoto wa Pwani amesikia habari za mwanamke mzuri wa usiku ambaye hujulikana kwa kwato zake mtu akiinamisha macho. Mbele ya jini huyo wa maneno, kinyago cha mpira kilikuwa dai lisilo na ushahidi. Mtazamaji alikikataa kama jaji, kisha akatoka kurudi nyumbani kwa uchochoro usio na taa, na huko hakucheka.

Ndiyo kusema kwamba kosa la msingi la filamu hizo si uhaba wa fedha. Ni kuonyesha kitu ambacho mila ya Kiswahili imekitunza kwa kukisimulia. Mwaka 1995 habari za Popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakakesha wakizunguka moto. Hakuna picha iliyowatoa ndani. Waliondolewa vitandani na maneno ya jirani. Fasihi ya visiwani imeielewa siri hii. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, aliuacha mzimu uwe uvumi na woga wa watu, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake aupime kwa akili. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimfufua babu kweli, lakini akamfanya kuwa dhamiri inayomsumbua mjukuu mwenye cheo. Msomaji hahitaji kujua kinyago cha babu huyo kimetengenezwa na nini, kwa sababu kinachotisha ni hesabu anayokuja kuidai.

Kama neno ndilo hutisha, basi dawa ya filamu guni nayo ni neno, na Dar es Salaam ilikwisha kuivumbua. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za nje, kwanza mbele ya watazamaji na baadaye kwa kuirekodi sauti yake juu ya picha. Watu humwita mtafsiri, lakini kazi yake ilipita tafsiri. Aliwapa wahusika nia ambazo mwandishi hakuwapa, alieleza lililoachwa wazi, alitia methali, na pale picha ilipolegea aliibeba kwa ulimi. Wapenzi wa tenzi hawahitaji kuelezwa ufundi huo. Wamewasikia waimbaji wakirefusha irabu ili ubeti uliopungua mizani utimie, hata msikilizaji asijue kwamba kwenye karatasi ubeti ule ni guni.

Uganda jambo hili limekwenda mbali zaidi. Isaac Nabwana, katika kitongoji cha Wakaliga mjini Kampala, alitoa mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, yenye bunduki za vyuma chakavu na helikopta za kompyuta. Toleo lake la awali limepotea, kwa kuwa kompyuta yake haikuwa na nafasi ya kutunza kazi iliyokwisha huku kazi mpya ikingoja. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya msimuliaji, VJ Emmie, anayetania, anayesifu na anayewachochea watazamaji toka mwanzo hadi mwisho. Ulimwengu mzima ulipoifahamu filamu hiyo kwa njia ya intaneti, uliifahamu ikiwa na sauti hiyo. Waliokuja kuucheka ubovu walikuta mwenyewe amekwisha kuucheka kabla yao, na kwa ufasaha zaidi. Hapo kiburi cha hukumu ya ng'ambo kinakosa pa kukaa.

Utetezi huu, hata hivyo, una mpaka. Kuna guni la umaskini na kuna guni la uvivu, na mhakiki anayeyachanganya hamtendei haki yeyote. Kinyago chenye ncha shingoni ni umaskini. Anayekidharau anadharau mfuko wa mtu. Lakini hadithi ya saa moja kuvutwa hadi sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, gari kuonyeshwa likiegeshwa kwa dakika mbili nzima, na mzimu uliotisha kwa kisa kizima kumalizwa kwa mahubiri ya dakika tano, haya hayahusiani na fedha. Mtunzi wa shairi hata akiwa hana karatasi hupaswa kuhesabu mizani. Filamu nyingi za Kariakoo zimeanguka hapo, si penye mpira wala penye radi, na watazamaji wa kibandani walilijua hilo. Kinyago walikicheka, lakini palipo na uvivu walipiga miayo.

Ubaya wenye utamu, basi, ni jina lisilotosha. Kilichokuwa kitamu Buguruni hakikuwa ubaya wa picha. Ilikuwa nafasi ambayo picha dhaifu ilimwachia mtazamaji aingie na maneno yake. Filamu iliyokamilika humnyamazisha. Filamu guni humpa zamu ya kusema, kama ubeti wa malumbano unaoachwa wazi ili mwingine ajibu.

Ndiyo maana kupotea kwake si jambo la kuchekwa. Kanda za sumaku huliwa na ukungu, na joto na unyevu wa Pwani havizihurumii. Santuri hukwaruzika, na maduka yaliyoziuza yamekwisha kugeukia biashara nyingine. Plan 9 ingali inatazamwa kwa sababu waliomcheka Wood walizitunza nakala zake. Tenzi za kale zimetufikia kwa sababu kuna waliozinakili kwa mkono, herufi baada ya herufi, na yamkini miongoni mwa walizozinakili zilikuwamo guni pia. Nsyuka na Shumileta, na sauti ya Lufufu juu ya picha za watu wa mbali, zinastahili angalau mnakili mmoja wa namna hiyo. Hukumu ya ubora wake inaweza kungoja, lakini ukungu haungoji.