Vipande vya Msimbo na Masharti Yasiyoandikwa: Uhakiki wa Utumizi Upya wa Msimbo na Maulizo ya Hifadhidata katika Mifumo ya Taasisi

Mnamo mwaka 1968, katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, kwa udhamini wa NATO, Douglas McIlroy aliwasilisha makala kuhusu uzalishaji wa vijenzi vya programu kwa wingi. Alidai kwamba watengenezaji wa programu hawana sababu ya kuandika kila kitu upya. Panapaswa kuwepo katalogi ya vijenzi, na mwenye kuhitaji achague kinachomfaa kama fundi anavyochagua vipuri. Mfano alioutumia ni utaratibu wa kukokotoa sini ya pembe. Sehemu ya pili ya pendekezo lake haitajwi mara nyingi: kwamba kila kijenzi kionyeshe kiwango chake cha usahihi, uimara wake, upana wa matumizi yake, na gharama yake ya muda na ya kumbukumbu ya kompyuta. McIlroy hakuomba sini moja ya kutumiwa na wote. Aliomba familia nzima ya sini, kila moja ikiwa na maelezo yanayomwezesha mtumiaji kujua ni ipi isiyomfaa.

Utamaduni wa sasa wa vipande vya msimbo umerithi nusu ya kwanza ya pendekezo hilo na kuitupa ya pili. Kipande, kwa maana inayotumika katika uhakiki huu, ni mistari michache ya msimbo au ulizo la hifadhidata inayohifadhiwa ili inakiliwe katika kazi nyingine. Hukaa katika makabrasha ya timu, katika miongozo ya ndani ya taasisi, au katika faili ambalo mfanyakazi aliyeondoka aliwaachia wenzake. Huwa na kichwa kifupi: kupata malipo ya mwezi, kupata wasiokuwemo kwenye orodha, kutafuta namba katika safu iliyopangwa. Kichwa hicho hueleza kazi ya kipande, na hunyamaza kuhusu hali ambazo kazi hiyo hufanyika kwa usahihi. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba ukimya huo ndio udhaifu mkuu wa vipande kama aina ya maandishi. Maana ya kipande hukamilishwa na masharti yaliyoko nje yake, na masharti hayo hayanakiliwi pamoja nacho.

Ulizo la ripoti ya mwezi linadhihirisha jambo hili kwa wepesi. Kipande kinachoandikwa tarehe_malipo BETWEEN '2024-01-01' AND '2024-01-31' husomeka kama sentensi ya kawaida, na hapana shaka kwamba usomekaji huo ndio unaokipa umaarufu. Ikiwa safu ya tarehe katika jedwali hubeba tarehe pekee, ulizo ni sahihi. Ikiwa safu hiyo hubeba tarehe pamoja na saa, mpaka wa pili husomwa na mashine kuwa saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 31. Malipo yote yaliyofanyika baada ya hapo, yaani takriban siku nzima ya mwisho wa mwezi, huachwa nje. Mashine haitoi onyo lolote. Jumla hutolewa, nayo huonekana ya kuaminika kwa kuwa inakaribia ile iliyotarajiwa. Marekebisho ni mepesi: kuanzia tarehe 1 Januari, na kabla ya tarehe 1 Februari. Hata hivyo, marekebisho hayo hayatokani na kukitazama kipande; yanatokana na kulitazama jedwali, na jedwali halimo ndani ya kipande.

Kipande cha pili kinastahili kuchambuliwa kwa kina zaidi, kwa sababu kosa lake hutoa jibu linalofanana na habari njema. Ichukuliwe kwamba taasisi ina jedwali la wafanyakazi na jedwali la malipo, na afisa anahitaji kujua ni nani hajalipwa. Kipande kinachopatikana kwa urahisi ni hiki: SELECT jina FROM wafanyakazi WHERE namba NOT IN (SELECT namba_mfanyakazi FROM malipo). Kwa lugha ya kawaida: orodhesha majina ya wafanyakazi ambao namba zao hazimo katika malipo. Ulizo hili hufanya kazi siku zote, hadi siku ambayo mstari mmoja wa jedwali la malipo utaingizwa bila namba ya mfanyakazi. Kuanzia hapo halirudishi jina hata moja. Mstari mmoja mtupu miongoni mwa maelfu unatosha kuifuta orodha nzima, na afisa anayeliona jibu hilo atahitimisha kuwa kila mtu amelipwa.

Chanzo cha tabia hiyo kimo katika mantiki ya lugha yenyewe. SQL, iliyotokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM iliyochapishwa mwaka 1974, na iliyojengwa juu ya modeli ya uhusiano ya Edgar F. Codd ya mwaka 1970, haitumii mantiki ya kweli na uongo pekee. Ina hali ya tatu: haijulikani. Namba ya mfanyakazi inapolinganishwa na nafasi tupu, jibu haliwi kwamba zinatofautiana. Huwa kwamba haijulikani. Ili mfanyakazi aingie katika orodha ya wasiolipwa, namba yake lazima itofautiane na kila namba iliyomo katika malipo. Ikiwa mojawapo ya namba hizo haijulikani, sharti hilo haliwezi kamwe kuthibitishwa, na mfanyakazi huachwa. C. J. Date ameupinga msingi huu wa nafasi tupu kwa miongo kadhaa, na pingamizi lake lina uzito. Lakini mwandishi wa mifumo ya taasisi hachagui mantiki ya lugha, huikuta. Anachoweza kuchagua ni iwapo atatumia NOT EXISTS, ambayo haidhuriki na nafasi hiyo tupu, na iwapo atajua kwa nini ameichagua.

Inafaa kusisitizwa kwamba hakuna kosa la uandishi katika kipande hicho. Sarufi yake ni sahihi na nia yake iko wazi, tena huenda kilijaribiwa kikafaulu. Msomaji makini anayekisoma kipeke yake hana pa kukikosoa. Kwa hiyo ushauri uliozoeleka, kwamba mwanaprogramu asome na kuelewa kabla ya kunakili, ni sahihi lakini hautoshi. Kinachotakiwa kueleweka hakimo katika kinachosomwa.

Upo mtazamo kwamba hatari hii huwahusu wanaojifunza tu, na kwamba msimbo uliopitiwa na wataalamu huwa salama. Historia ya utafutaji wa nusu kwa nusu, yaani kutafuta thamani katika safu iliyopangwa kwa kuigawa mara mbili kila hatua, haiungi mkono mtazamo huo. Jon Bentley aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake Programming Pearls cha mwaka 1986, pamoja na hoja za kuthibitisha usahihi wake. Joshua Bloch aliuandika katika maktaba ya lugha ya Java. Mwaka 2006 Bloch mwenyewe alitangaza kwamba utaratibu huo, uliokaa katika maktaba kwa takriban miaka tisa, ulikuwa na kasoro. Mstari wenye kasoro ulitafuta katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawa kwa mbili. Katika hisabati hakuna la kulaumu. Katika mashine inayotunza namba kwa biti 32, jumla ikipita 2,147,483,647 hugeuka kuwa hasi. Safu ilihitaji kuwa na vipengele takriban bilioni moja ili kasoro ijitokeze, na zama ambazo mstari huo ulienea hazikuwa na safu za ukubwa huo. Sharti lilikuwa limeandikwa katika udogo wa kompyuta, na kompyuta zilipokua sharti likavunjika bila msimbo kuguswa.

Mfano unaojulikana zaidi wa msimbo sahihi uliohamishiwa mahali usipofaa ni roketi ya Ariane 5, iliyoharibika angani tarehe 4 Juni 1996 muda mfupi baada ya kuruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Programu ya mfumo wake wa kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Thamani moja inayohusiana na mwendo wa mlalo, iliyohifadhiwa kwa biti 64, ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Njia ya Ariane 4 haikuweza kuifikisha thamani hiyo huko. Njia ya Ariane 5 iliifikisha. Mfumo wa akiba nao haukusaidia, kwa kuwa uliendesha programu ileile na ukaanguka kwa sababu ileile. Linalosikitisha zaidi ni kwamba sehemu ya msimbo iliyosababisha hitilafu haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya roketi kuondoka ardhini. Ilibaki kwa sababu ilikuwepo.

Ripoti ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ina jambo moja linalogusa moja kwa moja mada ya uhakiki huu. Vigeu saba vilibainishwa kuwa katika hatari ya kuzidi kiasi. Vinne vililindwa, vitatu vikaachwa kwa makusudi, kwa hoja kwamba haviwezi kufikia kiwango cha hatari. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa roketi uliofanyiwa. Lakini sababu zake hazikuonekana ndani ya msimbo wenyewe, na katika wingi wa nyaraka za mradi sharti hilo lilikuwa kama limefichwa. Jean-Marc Jézéquel na Bertrand Meyer, katika makala yao ya mwaka 1997, walihitimisha kwamba kutumia upya msimbo bila mkataba unaotamka masharti yake ni uzembe. Walipingwa na waliosema kwamba mkataba ulioandikwa haumlindi mtu kama majaribio hayafanywi kwa data halisi za mazingira mapya. Pingamizi hilo ni la haki, ila haliondoi hoja ya msingi: anayefanya majaribio naye anahitaji kujua ni sharti gani la kulijaribu, na bila maandishi atalijua kwa bahati tu.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina sura ya kila siku katika programu za malipo. Kipande kinachozidisha kiasi kwa 100 kabla ya kukituma kwa mpokeaji kimeenea mno, kwa kuwa dola na yuro zina senti mia. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zimesajiliwa kwa tarakimu mbili za senti, ilhali shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi zimesajiliwa bila tarakimu yoyote. Kipande kilichofaulu Nairobi na Dar es Salaam kikipelekwa Kampala bila kuhojiwa kitadai mara mia ya kinachostahili. Hapa mazoea ya lugha yanaongeza hatari: neno shilingi ni lilelile pande zote tatu.

Wapo wanaoona dawa kuwa kuacha kunakili na badala yake kuunganisha programu na maktaba za pamoja. Tukio la Machi 2016, ambapo kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 kiliondolewa katika hazina ya npm na kuvuruga ujenzi wa programu nyingi duniani, linaonyesha kwamba utegemezi nao una gharama yake.

Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kuandika masharti kama maelezo juu ya kipande. Ni bora kuliko ukimya, lakini anayenakili kwa haraka huchukua mistari ambayo mashine inaihitaji, na maelezo si miongoni mwake. Kwa maulizo ya hifadhidata ipo njia imara zaidi: kuliweka sharti katika jedwali, ili safu ya namba ya mfanyakazi ikatae nafasi tupu tangu wakati wa kuingizwa. Njia hiyo hukutana na upinzani mahali pasipotarajiwa. Katika hifadhidata nyingi, siku sharti linapowekwa juu ya jedwali lenye data za zamani, mfumo hulikataa hadi mistari mitupu iliyomo irekebishwe, na hapo taasisi hulazimika kuulizana kila malipo yasiyo na jina yalikwenda kwa nani. Swali hilo haliwezi kujibiwa na mwanaprogramu. Ni la mhasibu, na mara nyingine la mkaguzi.