Kifaranga wa gramu saba

Kifaranga wa kuku anapoanguliwa ana uzito wa gramu 40 hivi. Wa kware ana gramu 7 au 8. Wengi wetu tuliingia kwenye kware na uzoefu wa kuku, na pengo hilo la gramu ndilo lililotutia hasara. Mwili mdogo hupoa upesi na hauvumilii makosa ya mfugaji. Awamu yangu ya kwanza iliniachia vifaranga wachache sana, wala hakukuwa na ugonjwa wowote. Ya pili ilifanikiwa, na haya ndiyo niliyobadilisha.

Kware wa Kijapani tunaofuga wamepoteza karibu kabisa tabia ya kuatamia, hivyo mashine ndiyo mama. Mayai yasizidi siku 7 tangu yatagwe, na yatoke kwenye kundi la dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Yachague kwa makini kabla hayajaingia, kwa maana madoa ya ganda hufanya kuyakagua baadaye kwa kuyamulika kwa tochi kuwe kazi ngumu. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 hivi, na mayai yageuzwe mara 3 hadi 5 kwa siku. Mwanzoni nilitumia trei za kuku. Yai la kware, lenye gramu 10 hadi 12, lilicheza ndani ya tundu, na trei ilipoinama lenyewe halikugeuka sawasawa. Trei za saizi yake zilimaliza tatizo hilo.

Kosa kubwa lilikuja mwishoni. Kuanzia siku ya 15 mayai hayageuzwi tena. Hulazwa kwenye wavu, unyevu hupandishwa hadi asilimia 65 au 70, na mashine hufungwa. Vifaranga hutoka siku ya 17 au 18. Mimi nilikuwa nikifungua kila mara ili kuwatoa waliotangulia. Kila nilipofungua, hewa yenye unyevu ilitoka, na utando ulio chini ya ganda ukakauka na kumnata kifaranga aliyekuwa akijizungusha ili atoke. Ndiyo maana niliwakuta wamekufa ilhali wameshatoboa ganda. Haraka yenyewe haikuwa na sababu: kifaranga huanguliwa na mabaki ya kiini tumboni, na anaweza kungoja humo mashineni hadi akauke vizuri.

Kwenye boksi la kulelea, wiki ya kwanza inahitaji nyuzi 35 hadi 37, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka manyoya yaote. Kipimajoto kinasaidia, ila vifaranga wenyewe husema zaidi. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wameunguzwa, wakitawanyika na kulala ovyo wameridhika. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa huwavusha saa kadhaa.

Nilitandika magazeti, miguu ikateleza na kupanuka, na kifaranga wa namna hiyo hafiki kwenye chakula. Sasa natandika gunia safi siku za mwanzo, maranda baadaye. Chombo cha maji cha kuku, kwa kifaranga huyu, ni kisima: huingia, hulowa, hupoa, hufa. Nilijaza kokoto ndani yake, maji yakabaki kwenye nafasi za kudonoa tu. Chakula nacho kilihitaji kusagwa na kuchekechwa, kisha kuongezewa unga wa dagaa, kwa kuwa kware anataka protini ya asilimia 24 hivi, nyingi kuliko ya kuku.

Kware wa awamu ya pili walianza kutaga wiki ya saba. Nilipopiga hesabu ya mabadiliko yote, gharama kubwa ilikuwa trei. Gunia lilikuwa stoo, kokoto nje ya mlango, na kuacha mashine imefungwa hakukunigharimu hata senti. Anayefikiria kununua mashine kubwa zaidi kwa sababu vifaranga wanamfia, na aanze kwa kuokota kokoto.