Kumlisha chatu bila kumtia hofu: joto kwanza, panya baadaye

Chatu wa kufugwa akitapika panya siku mbili tatu baada ya kumla, lawama huangukia panya: alikuwa mkubwa mno, au alikuwa ameharibika. Kwa mfugaji wa Mkolani, jijini Mwanza, mimi ningeuliza kwanza kipimajoto kilisoma ngapi saa tisa usiku. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana bati linachoma, lakini usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 17, na nyumba isiyo na dari hupoa upesi. Chatu hana joto lake mwenyewe, analipata kwa kulala mahali penye joto. Akikosa pa kulipata, mlo aliomeza jioni haumeng'enywi. Unaanza kuoza tumboni, na mwili unaurudisha.

Ninayemzungumzia hapa ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, anayepatikana kuanzia Senegal hadi Uganda. Si chatu wetu mkubwa anayeweza kupita mita nne. Huyu kwa kawaida hafiki mita mbili, na akiogopa hujikunja donge, kichwa kikiwa katikati. Chatu aliyejikunja hivyo hali, hata umning'inizie panya mnono mbele ya pua. Na kabla ya panya kuna kibali: kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009, mnyamapori si mali ya aliyemwokota, na anayefuga bila ruhusa ataishi na hofu kubwa kuliko ya nyoka wake.

Kazi ya kulisha huanza siku kadhaa kabla. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, na kila upande uwe na maficho yake. Wengi huweka maficho mamoja tu, tena upande wa baridi, na hapo nyoka analazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Karibu kila mara huchagua usalama, akabaki na baridi yake. Porini huyu hulala kwenye vichuguu vya mchwa na mashimo ya panya, kwa hiyo maficho yawe finyu, yamguse mgongo na ubavu. Sanduku lisikae sakafuni kwenye vigae, wala karibu na spika. Nyoka husikia mtikisiko kwa mwili mzima, na nyumba iliyo kando ya barabara ya Shinyanga ina mtikisiko wa kutosha kutokana na malori.

Umeme ukikatika jioni uliyopanga kulisha, ahirisha. Chatu mzima mwenye afya hula kila baada ya wiki mbili hadi nne, na wiki moja zaidi haimpunguzii kitu. Ukikatika wakati ameshakula, chemsha maji, yatie kwenye chupa, zifunge kwa kitambaa na uziegemeze nje ya sanduku upande wa joto. Jiko la mkaa usiliingize chumbani, maana moshi wake unaua nyoka na mwenye nyoka.

Sasa panya. Ulaya na Marekani mfugaji hununua panya waliogandishwa dukani. Huku kwetu njia ya uhakika ni kuzalisha mwenyewe panya weupe. Panya wa darini usimguse kabisa: huenda jirani amemtegea sumu, na sumu hiyo itahamia kwa nyoka. Kifaranga nacho kinafaa mara moja moja. Luca Luiselli na Francesco Angelici, waliowachunguza chatu hawa kusini mashariki mwa Nigeria na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, walikuta madume wanakula ndege zaidi kuliko majike wanavyokula. Mnyama anayeliwa asizidi unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene zaidi. Tena awe amekwisha kufa. Panya hai aliyeachwa usiku kucha na chatu asiye na hamu atamtafuna yeye.

Panya aliyetoka kwenye friza huyeyushwa kwenye friji usiku mzima, kisha hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuchovywa kwenye maji ya moto hadi afikie nyuzi 38 au 40, kichwa hasa. Midomo ya chatu ina vishimo vidogo vinavyohisi joto, na kwa vishimo hivyo panya wa baridi ni jiwe tu. Subiri giza liingie, punguza taa, mshike panya kwa koleo refu, mpitishe chini kwa ubavuni. Kinachotoka juu, kwa nyoka, ni mwewe. Tazama ulimi: ukianza kutoka taratibu na kukaa nje kitambo, na shingo ikijipinda mara mbili, tulia. Hapo ndipo wengi hutikisa koleo kwa pupa na kumrudisha ndani.

Akishamrukia na kumviringa, vuta koleo kidogo, mara moja, kisha liachie. Sababu ilionyeshwa na Scott Boback na wenzake mwaka 2012. Waliwapa nyoka aina ya boa panya waliokufa, wakiwa wamewawekea moyo wa bandia. Moyo ulipodunda, boa walibana kwa muda mrefu zaidi. Nyoka hupima uhai wa windo, na mvuto ule mdogo unamtosha kushika kazi yake. Wanaoendelea kuvutavuta dakika tano wanajiburudisha wenyewe.

Funika sanduku, ondoka. Mwaka 2005 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba moyo wa chatu wa Burma huongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo. Mwili unaofanya kazi kiasi hicho haubebwi begani ili wageni wapige picha. Mpe saa 48 kwa uchache, na kama uvimbe wa tumbo bado unaonekana, ongeza. Hesabu hiyo inamhusu pia kila anayecheza ngoma ya nyoka, ambayo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa, yanajulikana nayo. Chatu akishtuka akiwa na mlo hutapika ili awe mwepesi wa kukimbia. Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, huangukia Juni, mwezi wa usiku baridi, kwa hiyo ratiba ya ngoma na ratiba ya panya lazima zipangwe pamoja.

Ouidah, nchini Benin, wamejiondolea kazi yote hii. Chatu wa hekalu la mji huo, wa aina hii hii, huachiwa usiku wakajiwindie, na mwenyeji akimkuta mmoja nyumbani humrudisha.

Wewe usiye na hekalu, akikataa, mtoe panya baada ya nusu saa, mtupe, wala usimgandishe tena. Usimjaribu kesho yake, ngoja wiki. Anayekaribia kujivua gamba hukataa, na dume msimu wa kupandana anaweza kukaa miezi bila kula. Mweke kwenye mzani wa jikoni mara mbili kwa mwezi, uandike. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na daftari hilo na kumbukumbu za joto la usiku.