Vidaka vya Nyumba za Amu

Aingiaye nyumba ya kale ya Amu, yaani mji wa Lamu, kwa mara ya kwanza, hasa akitoka kwenye jua la saa sita, huona giza tu. Amepita daka lenye baraza za mawe kushoto na kulia, amepita mlango wa nakshi, amepinda kwenye tekani iliyowekwa makusudi ili mpita njia asichungulie mambo ya watu. Ametokea kiwandani, uani penye mwanga, kisha akaingizwa msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, akapanda kidato kimoja kuingia msana wa yuu, ule wa juu. Kila chumba ni kirefu na chembamba, na kila kimoja kimetulia zaidi ya kilichotangulia. Hapo ndipo wengi hupiga picha moja, wakashukuru, wakatoka.

Mimi pia nilitoka hivyo safari yangu ya kwanza. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya karne ya 18 ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya imeitengeneza na kuifungulia wageni, katikati ya vichochoro vya mji wa kale. Niliona vitanda, mikeka, vyombo vya jikoni, nikadhani nimeiona nyumba. Mwaka uliofuata nilirudi na mzee mmoja, fundi wa chokaa tangu ujana wake, naye hakunionyesha kitanda wala mkeka. Alivua viatu, akaingia ndani kabisa, akaweka kiganja ukutani.

"Gusa kwanza, mwanangu," aliniambia. "Kutazama kutakuja."

Ukuta ulikuwa baridi, laini kama ganda la yai. Nikasimama. Macho yalipozoea, ukuta wa mbele ulianza kujitokeza wenyewe: kidaka kimoja, cha pili, kisha safu juu ya safu, vijumba vidogo vya chokaa vilivyopangwa tangu kimo cha kifua hadi karibu na boriti, kila kimoja na upinde wake na ukingo wake wa nakshi. Waamu wenyewe huviita zidaka. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina, vitabu, vyetezo, vitu vya thamani vya mwenye nyumba. Chumba ambacho kingekuwa ushoroba wa giza kinapata kina na mwanga, kwa kuwa kila ukingo mweupe hunasa nuru kidogo inayotoka kiwandani na kuipeleka kwa wa jirani.

Mzee alinisogeza hadi pua yangu ikakaribia kugusa ua moja la nakshi. Katikati yake palikuwa na tundu dogo, kama la sindano. Ni alama ya ncha ya bikari. Miaka zaidi ya mia mbili iliyopita mtu alisimama hapa, akachoma bikari kwenye lipu mbichi, akazungusha duara, kisha akachukua kisu akaanza kukata majani. Nilifuata jani kwa kidole. Mshipa wake unaanza umenyooka, halafu unapinda kidogo kabla ya kufika mwisho. Jani la jirani halipindi. Nakshi hii haikumiminwa katika kalibu. Imekatwa palepale ukutani, ua baada ya ua, wakati chokaa ingali na unyevu. Ikikatwa mapema mno, inabomoka na kushikamana na kisu; ikichelewa, imeshakuwa jiwe. Fundi hana budi kujua saa yake kwa ncha ya kidole, na saa hiyo hubadilika kwa upepo, kwa mvua, kwa kaskazi na kusi.

Nadhani hiki ndicho ambacho mabango ya makumbusho hayawezi kukisema vya kutosha. Tunasifu mawe ya Amu, na milango yake inajulikana duniani kote, lakini nyumba hizi zimesimama kwa chokaa.

Chokaa hiyo hutoka baharini. Matumbawe hukusanywa, na magogo ya mikoko hupangwa duara, moja juu ya jingine, mpaka yakawa kama jukwaa la mviringo. Hilo ndilo tanuu. Matumbawe hulundikwa juu, moto ukawashwa, ukaachwa uteketee mpaka mawe yakawa meupe na mepesi. Kisha yanazimwa kwa maji, nayo huchemka na kufuka mvuke bila moto, jambo linalowashangaza watoto hadi leo. Yakishazimwa yanavundikwa shimoni. Mafundi wa zamani waliivundika chokaa miezi mingi, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyozidi kulainika na kunata. Ukimwuliza mzee kwa nini asiitumie wiki ileile, anakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asile embe bichi.

Kinachonigusa katika kazi hii ni kwamba inazunguka na kurudi ilikoanzia. Moto huyaondolea matumbawe ile hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake. Chokaa ikishapakwa ukutani, huanza kuivuta tena hewa hiyohiyo kutoka chumbani, polepole, kwa miezi na miaka, hadi inarudi kuwa jiwe. Ukuta niliougusa asubuhi ile ulikuwa tumbawe mara ya pili.

Paa nalo lina habari yake. Boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa boriti inayoweza kubeba mzigo ndio uliopima upana wa chumba: kama mita tatu hivi, au pungufu. Kwa hiyo vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba kwa sababu ya mti wa mkoko, na ukilijua hilo, umbo la nyumba nzima linaeleweka. Juu ya boriti hupangwa vibamba vya mawe, juu yake zege la chokaa na kokoto, kisha watu hupanga safu na vipande vya mti mkononi, wakalipigilia zege hilo kwa nyimbo mpaka likakazana. Katika nyumba bora, boriti zilichongwa pembe nne na kutiwa rangi nyekundu na nyeusi. Inua macho unapokuwa ndani, usiangalie kuta peke yake.

Siku ya pili tulivuka kwenda Takwa, kisiwani Manda. Mji ule ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Watu wa Shela hadi leo huenda huko kusoma dua ya mvua. Nakshi nyingi zimekwenda na upepo. Umebaki msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na mibuyu, na kuta zilizovuliwa lipu. Mzee alipita kati yake kimya, akiokota kipande cha chokaa hapa na pale, akikivunja kwa kucha kuona ndani. Kimoja alikirudisha alipokiokota, akakifukia kwa mguu. Takwa haina paa, kwa hiyo mvua huingia kwa juu, na lipu isiyo na paa haidumu. Nilielewa pale kwa nini nyumba inayokaliwa ndiyo makumbusho bora kuliko zote: kuna mtu wa kuziba ufa kabla ya masika.

Amu ina mengine ya kuonwa, nami sikatai. Ngome iliyoanzwa 1813 na kumalizika 1821, ikawa gereza toka 1910 hadi 1984, leo imejaa sauti za watoto wa shule. Jumba la makumbusho lililo ukingoni mwa bahari lina siwa ya pembe ya ndovu kutoka Pate, na hiyo inastahili makala yake yenyewe. UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini orodha haizibi ufa.

Maana ufa upo. Katika kichochoro kimoja cha Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Amu, nilionyeshwa nyumba ambayo mwenyewe, kwa nia njema kabisa, aliipaka saruji ukumbini kwa sababu ni ya haraka na inapatikana dukani. Kuta za matumbawe hunywa unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa, ambayo hupumua. Saruji haipumui. Maji na chumvi vilifungiwa ndani, vikatafuta njia, na baada ya miaka michache lipu ikavimba na kudondoka kwa mabamba, ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Vidaka viwili vilikuwa vimekwenda nayo. Mzee alisimama mbele ya pengo lile muda mrefu kuliko aliosimama mahali pengine popote. Hakumlaumu mwenye nyumba. Aliuliza tu kama kuna chokaa iliyovundikwa mjini, na ni ya lini.

Ukipata nafasi ya kufika Amu, nenda katika ile nyumba ya makumbusho asubuhi, kabla ya wageni kuwa wengi. Omba ukae ndani robo saa bila kupiga picha. Tafuta tundu la bikari katikati ya ua. Likikupotea, mwombe mlinzi akuonyeshe. Na kama nyumba ya namna hii ni yako, au ya bibi yako, na lipu imeanza kumeguka, usikimbilie mfuko wa saruji. Mwite kwanza fundi wa chokaa. Wapo bado, ingawa si wengi, na wanafundisha anayetaka kujifunza.