Binti Mwislamu Baina ya Kusema na Kusemewa: Utenzi wa Mwana Kupona na Utengano

Wahakiki wengi wameusoma Utenzi wa Mwana Kupona (1858) kama hati ya utiifu wa mke kwa mume. Usomaji huo una mashiko, lakini unaipuuza nafsi inenayo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate anamwusia bintiye kwa sauti yake mwenyewe, kisha anawaita wanawake wausome utenzi na kuuelewa. Maudhui yanahimiza unyenyekevu. Utunzi wenyewe ni tendo la mamlaka.

Katika Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, hali ni kinyume. Mwandishi anaufichua unafiki wa Bwana Maksuudi na kulaani kutawishwa kwa Maimuna. Hata hivyo, Maimuna anasimuliwa na msimulizi maizi, na akishatoroka kuta za babaye anaangukia danguro na ulevi. Riwaya inamnusuru baadaye, lakini si kwa kumkabidhi kalamu.

Suala hili si la Pwani pekee. Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, Uislamu uliingia karne ya 19 kupitia wafanyabiashara Waswahili. Na Utengano uliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Msichana Mwislamu wa huko, akikisoma kitabu hicho peke yake, hukutana na taswira yake iliyochorwa na mwingine. Tunapendekeza matini hizi mbili zifundishwe sambamba, ili abainishe kusema na kusemewa, naye aandike ya kwake.